Tabo au supachaja? Mwongozo wa kuchagua kabla hujafungua boneti

Injini yangu ya kwanza niliiua mwenyewe kwa kuuliza swali lisilofaa. Nilikuwa na Toyota Altezza RS200, nikamwendea fundi na kumwambia, "Nifungie tabo, nataka farasi 300." Sikumuuliza injini ile inaweza kubeba nini. Tabo ikafungwa, gari likatoka gereji likipiga mluzi hadi watu wakageuka barabarani. Wiki tatu baadaye, nikipandisha mlima Kitonga kuelekea Iringa, nilikanyaga mafuta hadi chini nilipite lori. Nikasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kioo cha nyuma kikajaa moshi. Tulipofungua silinda hedi, pistoni ya tatu ilikuwa imemeguka ukingo, na ukuta wa silinda umechimbwa mifereji inayoshika ukucha.

Tangu siku ile, kila kijana anayeniuliza kati ya tabo na supachaja ipi bora, humrudisha nyuma hatua tano. Swali hilo huja mwisho. Yanayotangulia ni haya: una injini gani, unaishi mwinuko gani, mafuta gani unajaza, na fundi gani atalishika gari baada ya kuharibika. Ukiyajibu kwa uaminifu, jibu la swali lako linakuja lenyewe.

Hatua ya 1: Fahamu nani anazungusha feni

Zote mbili zinasukuma hewa nyingi kwenye silinda kuliko ile ambayo pistoni ingeivuta yenyewe. Hewa ikizidi, unaweza kuongeza petroli, na mlipuko unakuwa mkubwa. Tofauti ni chanzo cha nguvu ya kusukuma.

Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Moshi unapiga gurudumu moja, gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti fupi na gurudumu jingine upande wa hewa safi. Shafti hiyo inaweza kufikia mizunguko 200,000 kwa dakika, huku upande wa moshi ukiwaka hadi nyuzi 900 na zaidi. Kinachoitenganisha na chuma kinachoishikilia ni utando mwembamba wa oili tu. Kumbuka utando huo, tutaurudia.

Supachaja inazungushwa na mkanda kutoka puli ya krenki, shafti kuu ya injini. Krenki ikigeuka, nayo inageuka, kwa hiyo nguvu zipo tangu mguu unapogusa pedali. Lakini nguvu hizo zinalipiwa na injini yenyewe. Mfano mkubwa ni Dodge Challenger Hellcat ya lita 6.2: toleo lake la kwanza linatoa farasi 707, na supachaja yake peke yake inakula takriban farasi 80 ikiwa kwenye kasi ya juu. Farasi 80 ni zaidi ya injini nzima ya Vitz ndogo.

Supachaja ziko za aina tatu. Ya Roots, ambayo ndugu wa ukoo wa Roots kule Indiana waliibuni karne ya 19 kama feni ya viwandani, ina rota mbili zinazosukuma hewa bila kuigandamiza ndani yake. Inatoa msukumo wa chini mzuri sana lakini hewa inatoka ya moto. Ya skrubu mbili inagandamiza hewa ndani ya chombo chenyewe, inapoteza kidogo kuliko Roots. Ya sentrifugali ni kama nusu ya tabo iliyofungwa mkanda: chini haina kitu, juu inapanda kwa kasi. Mtu akikuambia supachaja haina kuchelewa, muulize ni ipi, maana ya sentrifugali kwenye mizunguko 2,000 itakufanya usubiri kuliko tabo ndogo ya kisasa.

Hatua ya 2: Ipime injini uliyonayo, siyo unayoitamani

Anza na uwiano wa mgandamizo, yaani pistoni inaibana hewa mara ngapi, ambao mafundi huuita kompresheni. Injini zilizozaliwa na tabo zilitengenezwa na uwiano mdogo: EJ207 ya Impreza STI ni 8 kwa 1, 1JZ-GTE ya VVT-i iliyomo kwenye Chaser na Mark II ni 9 kwa 1. Sasa tazama 3S-GE ya Altezza RS200: ni zaidi ya 11 kwa 1. Toyota waliipa uwiano huo kwa makusudi ili ipate farasi 210 bila msaada wa feni yoyote. Ukiisukumia hewa zaidi, joto na shinikizo vinazidi kiasi ambacho petroli inaweza kustahimili, na mchanganyiko unajiwasha wenyewe kabla ya wakati. Huko ndiko kugonga. Ndizo zile kokoto nilizozisikia Kitonga.

Je, haiwezekani kabisa? Inawezekana kwa msukumo mdogo, bar 0.3 hadi 0.4, intakula nzuri (kifaa cha kupoza hewa iliyogandamizwa), taimingi ya cheche iliyorudishwa nyuma na mtu anayejua kutuni, yaani kupanga programu ya injini. Hesabu ya haraka: gawanya shinikizo jipya kwa la zamani. Kwa bar 0.4 usawa wa bahari ni 1.41 gawa kwa 1.01, sawa na 1.4. Farasi 210 mara 1.4 ni 294 kwenye karatasi. Ukitoa joto na nguvu inayoliwa na mkanda au na ekzosi iliyobanwa, tarajia 250 hivi. Ndiyo maana mtu anayetaka 300 kwenye Altezza humwambia auze injini hiyo, atafute 1JZ-GTE au 3S-GTE nzima yenye sampu (bakuli la oili), waya na kontroli boksi yake (kompyuta ya injini). Ndani yake kuna pistoni zilizoandaliwa kwa kazi hiyo na mfumo wa kupozea ulioandaliwa pia. Gharama ya mwisho mara nyingi ni ndogo kuliko kuijenga upya injini isiyofaa. Usisahau kwamba kadi ya gari imeandikwa namba ya injini. Ukibadilisha injini, badilisha na kumbukumbu kwa mamlaka, na mwambie mwenye bima.

Kabla ya kununua chochote, fanya vipimo viwili. Cha kwanza ni kompresheni ya kila silinda injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, pedali imekanyagwa hadi chini. Usihangaike sana na namba yenyewe, tafuta tofauti. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, acha. Cha pili ni kipimo cha kuvuja: unajaza silinda hewa ya kompresa na kusikiliza inatokea wapi. Ukiisikia kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi imechoka. Ukiisikia kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Ukiona mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi inaaga. Injini iliyochoka ukiifungia tabo hujaiponya, umeiharakishia safari.

Hatua ya 3: Unaishi usawa gani wa bahari?

Hapa ndipo miongozo mingi ya nje inatuacha, kwa sababu imeandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Sisi tuna Dar es Salaam na Mombasa chini kabisa, halafu tuna Arusha kwenye mita 1,400, Nairobi karibu 1,800 na Eldoret karibu 2,100. Shinikizo la hewa Mombasa ni kama bar 1.01. Nairobi ni kama 0.82. Injini isiyo na feni ikitoka Mombasa hadi Nairobi inapoteza karibu asilimia 19 ya hewa. Baridi ya Nairobi inarudisha kidogo, lakini kidogo tu.

Supachaja nayo inapoteza kiasi hicho hicho. Sababu ni kwamba imefungwa kwa puli: kila krenki ikizunguka mara moja, inasukuma ujazo ule ule wa hewa, iwe nzito au nyepesi. Chukua supachaja inayotoa psi 8, yaani kama bar 0.55, Mombasa. Uwiano wake ni 1.54. Uipeleke Nairobi, uwiano unabaki ule ule, lakini unazidisha 0.82 badala ya 1.01, na geji inasoma kama psi 6.4. Hakuna kilichoharibika. Hewa ndiyo nyepesi.

Tabo ina akili nyingine. Inadhibitiwa na westigeti, mlango mdogo unaoruhusu moshi upite pembeni shinikizo likifikia kiwango. Shinikizo halijafika? Mlango unabaki umefungwa, moshi wote unapita kwenye gurudumu, tabo inazunguka kwa kasi zaidi mpaka ifike. Ikiwa imewekwa bar 1 ya geji, Nairobi itatoa bar 1 pia, na hewa itakayoingia kwenye silinda itapungua kwa asilimia 10 tu badala ya 19. Magari ambayo kontroli boksi yake inalenga shinikizo kamili (la hewa ya nje pamoja na la msukumo) yanapoteza kidogo kuliko hapo, au hayapotezi kabisa, mradi tabo ina nafasi ya kuongeza kasi. Tabo ndogo iliyokwishafika kikomo Mombasa itazungushwa kupita uwezo wake Eldoret, na beringi zake zitakuambia.

Kwa hiyo mtu wa Nairobi, Nakuru, Eldoret, Arusha, Mbeya au Kigali anayeniuliza, namjibu tabo karibu bila kufikiri. Haikuwa bahati kwamba Björn Waldegård alishinda Safari Rally mwaka 1984 na Celica Twincam Turbo, wala kwamba Impreza ya Colin McRae iliyoshinda mwaka 1997 ilikuwa ya tabo. Barabara za Kenya ziko juu.

Kuna hatari moja hapa ambayo nimeiona ikiharibu magari ya watu waangalifu kabisa. Gari linatuniwa kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu) Nairobi, linatoka safi. Desemba mwenye gari anashuka na familia kwenda Mombasa. Akifika Mtito Andei hewa imeshakuwa nzito, akifika Mariakani supachaja yake inatoa psi 8 badala ya 6.4, na injini inameza hewa karibu robo zaidi ya siku ile ya daino. Kwenye programu ya kontroli boksi, visanduku vya jedwali vya shinikizo hilo havikuwahi kufikiwa Nairobi. Mtuni aliviacha na namba za kubahatisha. Mwambie mtuni wako waziwazi, "Gari hili litashuka pwani," na udai visanduku vya juu viwekewe petroli ya kutosha na taimingi ya tahadhari. Akionekana haelewi unachosema, tafuta mwingine.

Hatua ya 4: Joto

Hewa ikigandamizwa inapata moto, ndivyo ulivyoona pampu ya baiskeli inavyochoma kiganja. Hesabu yenyewe inatisha. Hewa ya Dar ya nyuzi 30, ikigandamizwa mara moja na nusu na feni nzuri ya sentrifugali, inatoka na nyuzi zaidi ya 80. Ikigandamizwa na Roots ya zamani, inakaribia 100. Ukigandamiza mara mbili, hata tabo nzuri inakupa nyuzi 125. Hewa ya moto inachochea kugonga, na isitoshe ni nyepesi, kwa hiyo unapoteza kile ulichokilipia.

Ndiyo maana intakula siyo pambo. Wenye Forester na WRX mnajua ile iliyolazwa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Kwenye barabara kuu inafanya kazi vizuri. Kwenye foleni ya Ubungo au ya Thika Road haipati upepo, inakaa juu ya injini ya moto na kunyonya joto kama sufuria iliyoachwa jikoni. Ukitoka kwenye foleni na kukanyaga papo hapo, hewa inaingia ya moto. Lipe gari dakika mbili tatu za mwendo wa kawaida kwanza. Anayekaa mjini muda mwingi na ana nafasi mbele ya rejeta, ahamishie intakula mbele. Supachaja nyingi za kiwandani hutumia intakula ya maji yenye pampu yake ya umeme. Pampu hiyo ikifa gari halizimi, linakosa nguvu tu, na watu hubadilisha plagi na nozeli (vipulizia petroli) bure mwezi mzima. Ishike kwa mkono swichi ikiwa imewashwa: lazima itetemeke.

Hatua ya 5: Nani atalitengeneza?

Karibu kila lori linalopita Chalinze lina tabo. Fuso, Scania, Hilux za dizeli za kisasa, mabasi, karibu zote. Kwa sababu hiyo, Gerezani pale Dar na Kirinyaga Road pale Nairobi utapata mtu anayefungua tabo, anayeuza beringi zake na sili zake, na anayejua akiona gurudumu lililosugua. Hii ni hazina kubwa ambayo watu hawaihesabu. Sharti moja tu: tabo ikifunguliwa, magurudumu na shafti lazima vibalansiwe kwa mashine kabla ya kurudishwa. Anayekuambia atabalansi kwa jicho anakuuzia tabo ya miezi miwili.

Supachaja haina ukoo wa namna hiyo kwetu. Zilizopo zimekuja na magari: Mercedes C180 na C200 zilizoandikwa Kompressor, Range Rover za V8, MINI Cooper S za kabla ya 2006, Audi S4 ya lita 3.0 ya kizazi cha B8. Rota zake zina utando maalumu na nafasi kati yao ni nyembamba kuliko karatasi. Zikisuguana, unatafuta nyingine nzima. Habari njema ni kwamba hazifi ovyo. Supachaja ya Eaton ina oili yake yenyewe kwenye pua, na kinachochakaa mara nyingi ni kiunganishi kidogo kilichomo humo. Ukisikia gari liko sailensa (linanguruma bila kukanyagwa) na linagonga kama sarafu ndani ya kopo la bati, kisha mlio unapotea ukiongeza mafuta kidogo, anza hapo.

Tazama pia viwanda vyenyewe vilikokwenda. MINI waliacha supachaja mwaka 2006 wakahamia tabo. Mercedes walifanya hivyo kwenye injini ya M271. Audi nao wakafuata. Walifuata matumizi ya mafuta na nguvu inayopatikana bila kuidai krenki. Volkswagen waliwahi kuweka vyote viwili kwenye 1.4 TSI, supachaja kwa chini na tabo kwa juu. Ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini sikushauri ununue moja iliyotumika kama huna fundi anayeifahamu kwa jina.

Hatua ya 6: Amua

Injini ya silinda nne ya lita 2.5 kushuka chini, unakaa nyanda za juu, au unapenda safari ndefu na unalipa petroli kwa mshahara wako: tabo. Na kama bado hujanunua gari, nunua lililozaliwa nayo. Impreza, Forester, Mark II ya JZX110, Golf GTI. Kiwanda kilishafanya nusu ya kazi iliyomo kwenye mwongozo huu.

Supachaja naipa nafasi pale tu mambo matatu yanapokutana: injini kubwa ya V6 au V8 isiyo na feni, makazi ya pwani, na seti kamili iliyotengenezwa kwa injini hiyo hiyo, yenye mabano, puli, nozeli na programu yake. Toyota 4.0 V6 ya 1GR-FE ni mfano mzuri, kwa sababu TRD, kitengo cha mbio cha Toyota, waliwahi kuiuzia supachaja yake. Mtu mwenye FJ Cruiser Muscat au Mombasa, anayetaka nguvu ya kutoka mchangani bila kusubiri tabo ijae, namwelewa. Ingawa hata kule Ghuba, wenye Nissan Patrol za injini ya TB48 wanaopanda matuta wengi wameishia kwenye tabo kubwa.

Supachaja ya kuunga kutoka gari jingine, kwa mabano ya kuchomelea, sikushauri. Puli ikipinda hata kidogo, mkanda unateleza, unakula ukingo wake, na siku ukikatika unaondoka na mkanda wa feni na wa maji kama vimeunganishwa.

Hatua ya 7: Kununua iliyotumika

Fundi mzee aliyenifundisha hakuwahi kuniruhusu nitazame tabo kwa macho. "Mwanangu, usiangalie rangi. Shika shafti," alikuwa akisema. Toa mpira wa hewa, ingiza vidole viwili, shika nati iliyo katikati ya gurudumu. Isukume ndani na nje: haitakiwi kucheza kabisa kiasi cha kuhisi. Isukume kulia na kushoto: itacheza kidogo, hiyo ni nafasi ya utando wa oili, usiogope. Lakini ukiisukuma pembeni huku unaizungusha na gurudumu likagusa ukuta, irudishe mezani. Sasa pitisha kidole kwenye ncha za mapezi. Yakiwa yamepinda au yameparurika, kuna kitu kilimezwa. Angalia mkono wa kutolea hewa: unyevu mwembamba wa oili ni kawaida, oili inayodondoka siyo.

Uliza kwa nini tabo ya zamani ilikufa kabla hujafunga mpya. Kwenye Subaru za EJ255 kuna chujio dogo la wavu ndani ya bolti ya bomba la oili inayokwenda kwenye tabo. Oili ikicheleweshwa, wavu unaziba, tabo inakosa oili, inakufa. Mtu anafunga nyingine, nayo inakufa wiki ya pili, analaumu tabo. Nimeishika bolti hiyo mkononi, nikaielekeza kwenye mwanga wa tochi, na sikuona upande wa pili. Ilikuwa na tope jeusi la oili iliyoungua, gumu kama lami. Badilisha bolti, badilisha bomba, safisha sampu, ndipo ufunge tabo.

Hatua ya 8: Vitangulie hivi

Usianze na tabo. Anza na breki: diski na pedi nzuri, maji ya breki mapya, matairi yenye tarehe ya karibuni. Gari lililoongezewa nguvu kabla ya breki ni hatari kwako na kwa mama anayevuka barabara Mbezi.

Kisha rejeta safi, na geji tatu: ya shinikizo la hewa, ya joto au shinikizo la oili, na ya mchanganyiko wa hewa na petroli ya aina pana. Ya tatu ndiyo inayookoa injini. Ukiwa umekanyaga hadi chini kwa petroli, namba yake (hewa kwa petroli) iwe karibu na 11.5. Ikianza kupanda kuelekea 13 huku shinikizo lipo, toa mguu mara moja.

Petroli nayo ina hesabu. Kila farasi chini ya msukumo anataka takriban sentimita za ujazo 6.3 kwa dakika. Farasi 300 ni 1,890. Gawa kwa silinda nne, 472. Nozeli haitakiwi kufunguka zaidi ya asilimia 80 ya muda, kwa hiyo 472 gawa kwa 0.8 ni 590. Nunua nozeli za 600 na pampu ya kuzilisha. Altezza yangu ilifungiwa tabo ikabaki na nozeli zake za kiwandani. Hesabu hii ya mistari minne ingeokoa pistoni ile.

Na jaza petroli ya oktani (uwezo wa kustahimili kugonga) ya juu kabisa unayoweza kuipata kila siku, siyo mara moja kwa mwezi. Magari ya Kijapani yenye tabo kali yalitungwa kwa petroli ya kwao ya oktani inayokaribia 100. Yetu iko chini ya hapo, kwa hiyo programu ya Japani iliyoachwa kama ilivyo inakukaribisha kwenye kugonga. Tuni gari kwa petroli ya kituo unachojaza, na uende kwenye daino na tenki la petroli hiyo.

Hatua ya 9: Kilomita za mwanzo

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mimina oili safi kwenye tundu la kuingizia oili la tabo, kisha chomoa soketi ya nozeli na upige stata sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izimike. Washa, acha sailensa, kagua kila kiungo kwa tochi. Kwa supachaja, kagua mkanda umekaa katikati ya puli zote, halafu zima na ukague tena ukiwa na joto.

Kila siku: asubuhi usikanyage mpaka oili ipate moto, siyo maji tu. Ukitoka safari ya kasi, endesha polepole kilomita ya mwisho, kisha acha injini sailensa kama dakika moja kabla ya kuzima, ili oili iliyomo kwenye tabo isiungue palepale ilipo. Tumia sinthetiki kamili, 5W-40 kwa joto letu, na uimwage kila kilomita 5,000 hata kama kopo limeandikwa 10,000.

Ukifikisha kilomita 500 tangu kufunga, kaza upya bolti zote za manifoldi na klipu za mipira injini ikiwa baridi, halafu mwaga oili ile ya kwanza kwenye beseni safi. Chukua msumeno, kata chujio la oili katikati, kunjua karatasi yake juani. Vumbi jeusi ni la kawaida. Ukiona chembe zinazong'aa zenye rangi ya shaba, hizo zimetoka kwenye beringi: gari lisiwashwe tena mpaka sampu ifunguliwe.